Kome kwa Daktari wa Meno

Nilikuchemsha mara mbili, kome,
katika sufuria niliyoapa sitapikia tena,
na bado ulinuka.
Kuna kitu kilibaki kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wako,
pale ambapo hata kijiti cha meno hakifiki.
Mama Sefania akagonga ukuta, akauliza nani amekufa.

Nikakuanika dirishani siku tatu, Magomeni.
Sisimizi wakaja kwa mstari wakafanya kazi
iliyotushinda mimi na jiko la gesi.

Aliyekuleta ni Tunu, miaka saba,
aliyeng'olewa jino la mbele bila kulia
akarudi wiki iliyofuata, kutoka Mjimwema,
wewe ukiwa ndani ya kopo la Blue Band.
"Wa samaki wenu," hewa ikapita pengoni,
"hawana nyumba."

Kweli hawakuwa nayo.
Tangi letu la mapokezi, hapa Upanga,
lilikuwa na changarawe za buluu, mmea wa plastiki
na neoni kumi na wawili wa Kariakoo,
wakizunguka kama watu wanaosubiri kuitwa majina.

Nikakushusha taratibu
ndani ya maji ya mvua niliyoyakinga mwenyewe,
maana ya bomba yana dawa.
Ukatoa kiputo kimoja. Ukatulia.
Sitasema uongo, ulipendeza:
wagonjwa waliacha kuutazama mlango wa ndani,
hata mashine ilipoanza kulia.

Wiki ya tatu neoni mmoja akaelea.
Alhamisi, wa pili.
Dokta Kisamo akachovya karatasi ya kupimia,
akakunja uso ule wa kuona mzizi uliooza.
"Sikudhani, umetia chokaa kwenye maji."
Mimi? Nimetia pambo.

Akachukua kipande cha simbi kutoka kwenye kopo la Tunu,
akakidondoshea siki.
Kikachemka. Kikatoa povu kama mdomo.
"Soda inavyolifanya jino," akasema,
"ndivyo maji haya yanavyomfanya huyu.
Yanamlamba. Na kilicholambwa
hakiendi popote, kinawaingia samaki."

Nikakutoa mchana ule ule.
Mgongoni, palipokuwa panang'aa,
kidole kilikwaruza.
Wiki tatu ulikuwa unatoa, unatoa,
na sisi kumbe tunahesabu maiti.

Nilikuweka juu ya meza, kando ya daftari la miadi,
na usiku ule, sijui kwa nini,
nikakumbuka Ujiji:
maji yanafika magotini, mimi na kaka
tunaokota magamba matupu ya konokono wa ziwa,
na katika moja, samaki wa urefu wa kidole,
amekasirika, anatufukuza nyumbani kwake.
Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi,
ila ni magumu. Birika la bibi
lilikuwa na ukoko mweupe ndani kama meno ya mvuta kiko.

Neoni kumi akawachukua Dokta, kwa watoto wake.
Kaka akatuma wanne kwa treni,
katika mfuko uliotunishwa hewa, ndani ya ndoo,
pamoja na dagaa wangu, ambao walifika wakinuka kuliko wewe.

Nikakurudisha.
Siku mbili walikuzunguka.
Ya tatu mmoja akachungulia,
akatoka, akachota changarawe kwa mdomo,
akatema mbali, akachota,
mpaka ukalala anavyotaka yeye.
Kisha akaingia kinyumenyume, kama anayeegesha gari.

Unaliwa bado, kome, najua. Polepole zaidi.
Karatasi inabadilika rangi na hakuna anayekunja uso.

Tunu amekuja leo kukaguliwa.
Jino jipya limechomoza, ukingo wake kama msumeno.
Akabandika paji la uso kwenye kioo,
samaki akamkodolea macho kutoka mlangoni.
"Amelipa miezi sita?"
Nikamwambia ngoja niangalie,
nikafungua daftari.